Kijino Kilichojificha Shimoni: Kisa cha Karakana Moja ya Eneo la Viwanda, Nairobi

Bloki 14 za vali zilirudi karakanani ndani ya sanduku la mbao, kila moja ikiwa imefungwa kwa karatasi yenye mafuta na kuandikwa namba ya lori ilikotolewa. Mteja hakuwa na hasira. Aliandika tu kwamba malori hayo ya tipa yaligoma kushusha bodi baada ya wiki chache za kazi, na kwamba mafundi wake walipozifungua vali walikuta uzi mwembamba wa chuma umebanwa kati ya spuli, yaani kijiti cha mviringo kinachoteleza ndani ya vali kufungua na kufunga njia ya mafuta, na tundu lake. Anayefahamu vali za haidroli, yaani za mitambo inayosukumwa na mafuta yenye shinikizo, ataelewa uzito wa jambo hilo. Nafasi inayoachwa kati ya spuli na tundu lake hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban maikroni 70, kwa hiyo hata kipande cha chuma ambacho jicho halikioni vizuri kinatosha kuzuia lori lenye tani kadhaa za mchanga.

Karakana hiyo iko katika kichochoro kimoja kinachotoka Barabara ya Lunga Lunga, nami nilikuwa mhandisi wa uzalishaji humo. Tulikuwa tukichonga bloki 600 kwa wiki kwa mashine mbili zinazoongozwa na kompyuta. Kila bloki ilitokana na chuma cha EN8, chenye kaboni ya takriban asilimia 0.4, na ilikuwa na tundu kuu la milimita 16 ambamo spuli huteleza, pamoja na mashimo ya milimita 8 yanayoingia kutoka ubavuni. Mawili kati ya mashimo hayo ya ubavuni yalikutana na tundu kuu, na pale yanapokutana ndipo kisa hiki kizima kilipo.

Kazi ya kuondoa vijino, yaani ile miinuko mikali ya chuma inayobaki ukingoni baada ya kukata, ilifanywa kwa mkono. Watu watatu walisimama kwenye benchi wakiwa na jiliwa, tupa ndogo za duara, vikwaruzo na taa. Nilipopima muda wao kwa siku tatu nilipata wastani wa dakika 14 kwa bloki, ambazo kwa bloki 600 ni saa 140 kwa wiki: watu watatu wasioinua kichwa. Baada ya bloki kurudishwa, mwenye karakana alitaka mkono uondolewe kabisa katika hatua hiyo. Alikuwa ameona roboti ikifanya kazi kama hiyo katika kiwanda cha nje, na akaniagiza niandike pendekezo la kununua moja.

Naeleza kwanza kosa letu, kwa sababu liligharimu miezi miwili. Kabla ya roboti, tuliamua kujaribu njia rahisi zaidi, yaani bakuli la mtetemo lililokwisha kutumika kwingine. Vipande humwagwa ndani yake pamoja na mawe madogo ya kauri, maji na sabuni maalumu. Mota yenye uzani usio sawa hulitikisa bakuli, na mawe yakasugua kila ukingo yanaoufikia. Ni mashine nzuri. Kwa pini, nyenzo na vibao vilivyokatwa kwa mashinikizo, sijui njia ya bei nafuu kuliko hiyo. Lakini bloki zetu zilitoka humo zikiwa zinang'aa kwa nje na hazijaguswa kwa ndani, kwa sababu jiwe la kauri husugua likiwa na nafasi ya kusogea, na ndani ya shimo la milimita 8 halikuwa nayo. Mbaya zaidi, mawe kadhaa yalijikaza ndani ya mashimo, na nyuso zinazokaa juu ya mpira wa kuzibia mafuta zilipoteza ulaini na kingo zake zikaviringika. Tulikuwa tumelainisha mahali pasipotakiwa na kuacha mahali palipotuletea lawama.

Bakuli lilituletea madai mengine mawili ambayo anayepanga kulinunua hana budi kuyafikiria mapema. La kwanza ni kelele. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 za kuzuia kelele sehemu za kazi zinamkataza mwajiri kumwacha mfanyakazi kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa wastani wa saa nane katika siku, na bakuli lililojaa chuma huukaribia mpaka huo kwa urahisi, hivyo tulilazimika kulitenga kwa ukuta. La pili ni tope. Maji yanayotoka hubeba unga wa kauri, chembe za chuma na mafuta, na Mto Ngong, ambao tayari umebeba mengi, unapita Eneo la Viwanda na kuingia Mukuru, mahali wanapoishi wengi wa wafanyakazi wetu wenyewe. Tulijenga matangi mawili ya kutuliza tope kabla ya maji kutoka, kama Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilivyodai, na nina hakika kwamba hata kama kanuni hizo zisingekuwapo tungepaswa kuyajenga.

Aliyetupa ufunguo wa kisa hiki ni mama aliyekuwa mkongwe wa benchi. Nilikaa kando yake asubuhi moja na kumwuliza ni wapi muda wake unapokwenda.

"Mwanangu, haya ya nje ni kumenya viazi tu," aliniambia bila kuacha kazi. "Shimo la ubavuni ndilo linalonila siku. Asubuhi linakuja laini, jioni linakuja limeota ndevu."

"Kila siku hivyo, Mama?"

"Kila siku. Na kesho asubuhi ni laini tena."

Maneno hayo yalinishughulisha usiku kucha, kwa kuwa nilikuwa na karatasi za vipimo za miezi mingi na hakuna iliyonieleza jambo hilo. Nilikuwa nimechukulia kwamba kijino ni kijino, kitu kimoja chenye ukubwa mmoja, na kwamba kazi yangu ni kutafuta mashine ya kukiondoa. Yeye, kwa vidole vyake, alijua kwamba kijino hubadilika kwa saa, na kwamba kila asubuhi kuna kitu kinachokirudisha mwanzo. Kitu hicho kilikuwa biti ya drili, ambayo fundi wa zamu ya asubuhi aliinoa kwa mkono kwenye jiwe la kunolea na kuifunga upya kila siku.

Hapa inafaa kueleza jinsi kijino kinavyozaliwa, maana bila hilo hatua zilizofuata hazitaeleweka. Ncha ya kukatia haipiti katika chuma kama kiwembe kinavyopita katika karatasi. Inakisukuma mbele yake mpaka kinapasuka na kutoka kama uzi. Maadamu mbele kuna chuma kingine cha kuegemea, mkato huwa safi. Ncha inapofika mahali pa kutokea, chuma cha mwisho hakina tena kinachokishikilia, na badala ya kukatika hupinda na kukunjika kuelekea nje. LaRoux Gillespie, mhandisi wa Marekani aliyeandika juu ya vijino kuanzia miaka ya 1970, alitofautisha kijino hiki cha kukunjika na kile kidogo kinachofura ubavuni mwa mkato na kile kinachobaki pale chuma kinaporaruliwa. Kile cha kukunjika ndicho kikubwa zaidi, na ndiyo sababu mdomo wa kutokea wa shimo huwa mchafu kuliko mdomo wa kuingilia. Metali inayonyumbulika hukunja zaidi. Chuma cha kusubu, ambacho ni kikavu, huelekea kumeguka. Biti butu husukuma kuliko kukata, na mwendo mkubwa wa kulisha, yaani kasi ya biti kusonga mbele ndani ya chuma, mahali pa kutokea huongeza msukumo huo. Urefu wa kijino ndio unaoonekana, lakini ugumu wa kukiondoa hutegemea unene wa mzizi wake: kijino kirefu chenye mzizi mwembamba huondoka kwa brashi, ilhali kifupi chenye mzizi mnene hudai kukatwa.

Tulichukua bloki ya 1, ya 10, ya 25 na ya 50 za siku moja, tukazipasua kwa msumeno mahali mashimo yanapokutana, na kupima kwa darubini ya karakana. Kwenye bloki ya kwanza kijino kilikuwa na urefu wa milimita 0.15 na mzizi wa milimita 0.04. Kwenye bloki ya 50 urefu ulikuwa milimita 0.6 na mzizi milimita 0.15, karibu mara nne. Hakuna roboti, bakuli wala brashi ambayo ingekuwa imepangwa ipasavyo kwa hali hizo mbili kwa pamoja. Iliyopangwa kwa kijino cha asubuhi ingekiacha cha jioni. Iliyopangwa kwa cha jioni ingekula ukingo wa asubuhi mpaka uharibike. Mkono wa mama yule ulikuwa ukibeba tofauti hiyo kila siku, ukikaza au kulegeza bila mtu yeyote kuuandikia agizo. Ukiondoa mkono na kuweka mashine, tofauti haiondoki pamoja nao.

Kwa hiyo tuliacha kutafuta mashine na kuanza kukishughulikia kijino chenyewe mahali kinapozaliwa. Tulibadilisha mambo matatu, nami nitayaeleza kwa urefu usiolingana kwa sababu hayakuwa na uzito sawa.

Biti za chuma zilizonolewa kwa mkono zilipisha biti za kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma, zenye njia ya maji ya kupozea ndani yake. Mtu anayenoa kwa mkono, hata awe stadi vipi, ni vigumu kulinganisha midomo miwili ya kukatia ya biti, na mdomo mmoja ukizidi, shimo hupanuka na chuma husukumwa upande mmoja. Biti mpya hubadilishwa kila baada ya bloki 200 kwa kuhesabu, hata kama bado inasikika vizuri. Agizo hilo liliwaudhi mafundi mwanzoni. Walikuwa wamezoea kubadilisha biti inapolia, na kuitoa ikiwa bado inakata kuliwaonekea kama kutupa mali. Lakini biti inapolia tayari imeshaharibu makumi ya bloki. Tena mwendo wa kulisha ulipunguzwa hadi theluthi moja katika milimita mbili za mwisho kabla ya kutokea, jambo linaloongeza sekunde chache tu.

Badiliko la pili ndilo lililoleta faida kubwa kuliko yote, na halikugharimu hata shilingi moja. Zamani tulichimba tundu kuu, tukalimaliza kwa kipanuzi, yaani kifaa cha kupanua tundu kidogo na kulilainisha, hadi kipimo chake cha mwisho, kisha tukachimba mashimo ya ubavuni. Maana yake ni kwamba kila kijino kilizaliwa ndani ya tundu lililokwisha kulainishwa, mahali spuli inapopita, na tupa ililazimika kuingia humo kwa hatari ya kukwaruza. Tuligeuza mpangilio. Sasa tundu kuu huchimbwa likiwa dogo kwa milimita 0.3, mashimo ya ubavuni huchimbwa, na mwishoni kipanuzi hupita katika tundu kuu na kukata kila kilichochomoza ndani yake. Kinachobaki ni kijino kidogo kilichosukumwa kuingia upande wa shimo la ubavuni, mbali na njia ya spuli. Hakijaisha, ila kimehamia mahali panapofikika, nacho ni chembamba.

La tatu ni brashi. Katika kibebea vifaa cha mashine tuliweka brashi yenye vishina vya nailoni na vijiwe vidogo vya silikoni kabaidi kwenye ncha, yenye kipenyo kinachozidi kidogo kile cha shimo, nayo huingia katika kila shimo la ubavuni ikizunguka upande mmoja, hutoka, kisha huingia tena ikizunguka upande wa pili. Huo mzunguko wa pande mbili si mapambo: kijino chembamba hulala kufuata brashi badala ya kukatika, na ni kwa kukipinda huku na huku ndipo hung'oka. Kingo za nje hukatwa mshazari na kisu cha nyuzi 45 katika mfungo uleule, bila bloki kuondolewa mashinani.

Ilibaki swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya mengine yote: ukingo mzuri ni upi? Mchoro wa mteja ulisema tu kwamba vijino vyote viondolewe na kingo kali zivunjwe. Maneno hayo hayapimiki. Kila mtu wa benchi aliyatafsiri kwa namna yake, na mkaguzi naye kwa namna yake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13715 kinatoa alama maalumu kwa ajili ya kingo zisizo na umbo lililopangwa: kwa ukingo wa nje, alama ya kutoa huonyesha kwamba chuma kiondolewe, na alama ya kujumlisha huonyesha kwamba kijino kinaruhusiwa hadi kipimo kilichoandikwa. Tulikaa na mchoraji wa mteja mchana mmoja na kukubaliana kwamba kingo za nje ziwe kati ya kutoa 0.1 na kutoa 0.3 za milimita, na kwamba pale mashimo yanapokutana pasibaki chochote kinachoweza kung'oka kwa pini ya shaba. Kipengele hicho cha pini hakimo katika kiwango. Tulikibuni wenyewe kwa sababu kinahusu hasa hatari tuliyokuwa nayo, ambayo ni chuma kung'oka na kusafiri katika mafuta.

Kabla ya kuamua tulizipima pia njia nyingine, na si haki kuziacha bila kuzitaja. Kuna njia ya joto la ghafla, ambayo vipande hufungiwa ndani ya chumba kinene, kikajazwa oksijeni na gesi inayowaka kama haidrojeni, kisha mchanganyiko ukawashwa. Kwa muda wa milisekunde chache joto hupita nyuzi 2,500 za Selsiasi, na kijino, kwa kuwa ni chembamba na hakina mahali pa kutosha pa kupeleka joto, huungua kabla bloki yenyewe haijaathirika. Inafika kila pembe ya ndani, nami naiheshimu sana. Hata hivyo huacha oksidi inayodai kuoshwa, na mtambo wake hujilipia mahali panapotengenezwa vipande maelfu kwa maelfu, ambapo sisi hatupo. Kuna pia njia ya umeme na maji ya chumvi, ambayo elektrodi huletwa karibu na kijino nacho kikayeyushwa na mkondo bila kuguswa. Hiyo hudai elektrodi iliyoundwa kwa kila aina ya makutano, na tope jingine la kutunza. Ama roboti, ingefaa kwa kingo za nje, ambazo kisu cha mshazari tayari kilikuwa kinazimaliza. Ndani ya shimo ingeingiza brashi ileile ambayo mashine yetu iliweza kuingiza bila roboti. Niliandika hivyo katika pendekezo, na mwenye karakana, baada ya kulisoma mara mbili, alikubali.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Mzunguko wa mashine uliongezeka kwa sekunde 70 kwa bloki, yaani karibu saa 12 kwa wiki kwa bloki 600. Kazi ya benchi ilishuka kutoka dakika 14 hadi dakika mbili za ukaguzi, ambazo ni saa 20 kwa wiki badala ya 140. Sharti moja lakini lisifichwe: saa ya mashine ndiyo saa ghali kuliko zote karakanani, na sisi tulikuwa na mashine zinazolala usiku. Karakana ambayo mashine zake zimejaa zamu tatu ikihamishia kazi ya tupa ndani ya mashine, huenda ikajikuta imepunguza bloki inazouza ili kuokoa mshahara wa benchi, na hapo bakuli, roboti au hata mkono utakuwa uamuzi bora zaidi.

Wale watatu wa benchi hawakuachishwa kazi, jambo ambalo nililidai tangu siku ya kwanza na ambalo naamini lilikuwa sehemu ya ufundi wenyewe, kwa sababu hakuna mtu anayekuonyesha mahali kijino kinapojificha akijua kwamba maarifa yake yatamfukuza. Mmoja alifundishwa kuongoza mashine zamu ya usiku. Wa pili alipewa kuosha na kufungasha, kazi iliyokuwa ikifanywa na yeyote aliyekuwa na nafasi. Mama yule sasa ni mkaguzi, akiwa na kamera nyembamba ya kuchungulia shimoni na pini yake ya shaba, na mshahara wake ulipandishwa kulingana na cheo hicho. Yeye ndiye anayepasua bloki moja kila Ijumaa na kuandika unene wa mzizi, na namba hizo ndizo zinazotuambia kama biti ziendelee kubadilishwa kwa bloki 200 au mapema zaidi.

Tangu mabadiliko hayo hakuna bloki ya aina hiyo iliyorudi kwa sababu ya chuma kilichong'oka. Ila kuna aina ya pili ya bloki, ambayo shimo lake la ubavuni haliingii katikati ya tundu kuu bali hukatiza pembeni mwake, likiacha ukingo mwembamba kama ncha ya kisu upande mmoja. Hapo chuma hakina kiegemeo kabisa, hukunjika hata biti ikiwa mpya, na brashi tuliyoijaribu ilitoka ikiwa imepoteza vishina vya upande mmoja. Bloki hizo, 40 kwa wiki, bado zinakwenda kwa tupa. Tumemwomba mteja asogeze shimo hilo milimita mbili kuelekea katikati. Mchoraji wake amechukua bloki tatu zilizopasuliwa ili akazionyeshe kwao.